Kichupa Namba Saba

Kwa miaka ishirini na miwili amekuwa akizungusha vichupa kwenye mashine ya kutenganisha chembe katika maabara ya saratani, na kwa kuwa hawashi mashine mpaka vichupa vinavyotazamana vilingane uzito kabisa, wote wanamwita Bi Mizani. Ameona utafiti ukibadilika kama mitindo ya viatu. Kuna miaka kila mtu alikuwa na jeni yake. Zikafuata seli shina, zile seli chache za saratani zinazodhaniwa kuuotesha uvimbe upya baada ya dawa. Sasa ni zamu ya eksosomu, vijifuko vidogo mno ambavyo seli hizo huvituma kwa majirani zao, yaani mishipa ya damu na seli za kinga, kuwalainisha ili uvimbe ustawi. Bi Mizani huwaeleza wageni kwamba ni umbea wa mtaani tu, na hakosei sana.

Daktari kijana waliyembandika jina la Chapchap alivipata vijifuko hivyo kwa mabilioni katika sampuli za wagonjwa sita. Alhamisi angesimama mbele ya mkurugenzi, naye angeamua kama mradi uendelee au ufungwe. Bi Mizani alitazama lishe, kile kimiminika ambamo kijana alizikuza seli za wagonjwa hao, akaona ina seramu ya damu ya ndama, ambayo yenyewe imejaa vijifuko. Alipomdokezea, Chapchap alimjibu kwa upole wa kuudhi kwamba yeye azungushe tu, kufikiri awaachie waliosomea.

Bi Mizani akashukuru. Jumanne akazungusha vichupa sita, na cha saba.

Mchana Chapchap alimjia mbio na karatasi ya majibu.

"Shangazi, huyu mgonjwa wa saba ni nani? Saratani yake inatisha kuliko zote."

"Huyo hana saratani, mwanangu. Anakula majani."

Hakuelewa. Ikabidi aelezwe kwamba kichupa cha saba hakikuwa na seli hata moja. Kilikuwa na lishe tupu. Chapchap akatafuta kiti.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na ng'ombe."

Siku mbili hazikutosha kukuza seli upya kwa seramu iliyoondolewa vijifuko. Chapchap alijaribu kujishawishi kwamba angeweza kuyasoma matokeo yake vilevile yalivyo. Bi Mizani alimhakikishia kuwa hatamwambia mtu, ila alimkumbusha kuwa angekaa mstari wa mbele, na kicheko kikimbana huwa hakizuiliki.

Alhamisi Chapchap alianza na namba saba. Alikiri kwamba sehemu kubwa ya alichokigundua ni ndama. Mkurugenzi hakucheka. Aliuliza ni nani humo ndani, kati ya wote wanaoandika kuhusu eksosomu siku hizi, aliyewahi kupima lishe tupu. Hakuna mkono ulioinuka. Maprofesa wawili walianza kutafuta kitu muhimu sana mikobani mwao. Chapchap akapewa miezi mitatu arudie kazi yote.

Ijumaa asubuhi profesa wa kwanza aliingia kwa Bi Mizani, akafunga mlango, akatoa mfukoni kichupa cha lishe tupu na kumwomba amzungushie kimyakimya. Wa pili alikuja nusu saa baadaye, naye akafunga mlango. Bi Mizani aliwapokea wote kwa heshima, akawapanga kwenye foleni, kisha akachukua kalamu nene na kuandika majina yao ubaoni, kwa herufi kubwa zinazosomeka tangu ngazini.