Wati Kumi na Mbili za Ukungu

Marehemu mume wangu, Ambilikile Mwasomola, hakumtolea Mungu sola mbovu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalosemwa Tukuyu nzima, sokoni, misibani, hata kwenye benchi la wagonjwa wanaosubiri kuitwa kwa daktari, na wanaolisema kwa sauti kubwa ni wale ambao siku ile hawakuwapo. Wanaongeza kwamba alikufa kwa aibu. Alikufa kwa ugonjwa wa moyo, akiwa anatibiwa Mbeya, na mtu aliyemwona kitandani anajua kwamba hakuwa na aibu yoyote. Mimi nilikuwepo kote kuwili, kanisani na hospitalini, na nimekaa kimya vya kutosha.

Ambilikile alizaliwa Kyimo, kwenye nyumba iliyozungukwa na migomba, na baba yake alikuwa na kipande cha chai ambacho hakikuwahi kuwatosha. Alisomea umeme, akaajiriwa kiwanda cha chai kuhudumia mashine. Huko ndiko wazo lilikomwingia. Wachuma chai waliishi kwenye nyumba za mistari zenye giza, wanapika na kuogesha watoto kwa kibatari, ilhali kiwanda kilichokuwa mbele yao kinawaka usiku kucha. Akaniambia kwamba akipata nafasi atatengeneza sola yeye mwenyewe, hapa hapa, kwa ajili ya watu wa hapa. Nilikuwa mwalimu wa jiografia sekondari wakati huo, nikamkumbusha mvua inayonyesha Rungwe. Akasema ndiyo maana.

Alipoacha kazi tulifungua karakana nyuma ya nyumba yetu Msasani, ile ya hapa Tukuyu. Wapo wanaosema alikuwa anabandika lebo tu juu ya bidhaa za Wachina. Agness, binti ambaye Ambilikile alimfundisha kazi, bado yupo na mikono yake inaonyesha alama za kuungua na risasi ya kulehemu. Alikuwa anaunganisha seli moja moja, anazipanga kwenye kioo kinene, wanaziziba zisiingie maji, halafu Ambilikile anakata fremu ya alumini na kuifunga mwenyewe. Seli zilitoka China, ndiyo. Hilo hatukulificha hata siku moja. Mwoka mikate wa Tukuyu naye halimi ngano, na sijasikia akiitwa tapeli.

Miaka ya mwanzo biashara ilikwenda. Wanunuzi walikuwa wachuma chai, watu wa Kisiba ambako nguzo za umeme zilikuwa bado ndoto, na wachungaji wa makanisa waliokuwa wanahangaika na jenereta. Kisha maduka ya mjini yakajaa sola za kutoka nje, nyepesi kama sinia, kila mwezi bei inashuka. Nyuma ya sola yenye ukubwa wa meza ya chai mtu anakuta imeandikwa wati mia na hamsini. Ambilikile alizinunua mbili akazipima. Hazikufika hata nusu ya kilichoandikwa. Wenye maduka walijua. Ukiwauliza walicheka, wakasema mteja anataka namba kubwa.

Hapo ndipo mume wangu alipofanya jambo ambalo mfanyabiashara mwingine yeyote asingelifanya. Namba inayoandikwa nyuma ya sola, hata ikiwa ya kweli, hupimwa chini ya mwanga sawa na jua la mchana lisilo na wingu hata moja. Mimi niliyefundisha majira ya mvua miaka yote naweza kuapa kwamba mtu wa Tukuyu haoni jua la namna hiyo kwa miezi chungu nzima. Mvua ikikatika, ukungu unashuka kutoka mlimani na kukaa juu ya mabati. Basi Ambilikile akaanza kupima sola zake kwenye ukungu. Majirani walimwona amesimama uani kwenye manyunyu, gunia kichwani, mita ya umeme mkononi, wakasema fundi amechanganyikiwa, anatafuta jua kwenye mvua. Akarudia siku nyingi, akapata namba ya pili, akaichapisha kwenye lebo chini ya ile ya kwanza.

Niligombana naye juu ya hilo.

"Baba Ipyana," nilimwambia, "mfanyabiashara gani anaandika udhaifu wa bidhaa yake mgongoni?"

"Si udhaifu wa sola, ni udhaifu wa jua," akajibu. "Mtu akinunua nataka ajue mwezi wa nne atawasha taa ngapi."

"Na wa dukani wanaandika nini?"

"Wanaandika wanachotaka. Wao hawakai hapa mwezi wa nne."

Nikaachana naye. Ukweli ni kwamba nilianza kujivunia, ingawa sikumwambia.

Sasa tuje kwenye Jumapili ya mavuno, maana hapo ndipo uongo ulipozaliwa. Kila mtu wa kanisa letu anajua utaratibu: unatoa ulichokivuna, mkungu wa ndizi, debe la maharage, jogoo, na baada ya ibada vinanadishwa nje ili fedha iingie kanisani. Ambilikile alisema yeye havuni ndizi, anavuna sola. Akachagua moja nzuri, akaifuta kwa kitambaa, akaibeba kifuani hadi madhabahuni. Nilikuwa nimekaa na akina mama na niliona jinsi alivyotembea.

Siku hiyo ukungu ulikuwa mzito, tulikuwa hatuoni hata geti la kanisa. Mnadishaji alikuwa Lazaro, mzee wa kanisa, mtu mwenye mdomo mwepesi ambaye huuza kuku mmoja kwa bei ya wawili kwa kuchekesha watu tu. Alipofikia sola aliigeuza, akasoma lebo kwa sauti.

"Wati hamsini kwenye jua kali," akasema, na watu wakaitikia kwa heshima. Kisha akasogeza miwani. "Wati kumi na mbili kwenye ukungu wa Tukuyu."

Halafu sauti ya mwanamume ikatoka nyuma: "Sasa Tukuyu kuna nini kingine?"

Walicheka hadi wengine wakashikilia ukuta. Lazaro naye, badala ya kuwatuliza, akaona amepata kazi. Akauliza kama Mungu apelekewe hamsini na washarika wabaki na kumi na mbili. Akauliza kama mnunuzi atapewa na jua lake. Mkungu wa ndizi uliotangulia ulikuwa umegombaniwa. Sola ya mume wangu, iliyomgharimu kazi ya siku kadhaa, ilikosa wa kuitajia bei. Mwishowe Esnath, mama mkulima kutoka Kisiba, akanyanyua mkono na kuichukua kwa bei ya kuku. Alimpita Ambilikile akamwambia "ndaga", akimshukuru kwa lugha yetu, akaondoka nayo kichwani. Inawaka kwake mpaka leo, masika na kiangazi. Lakini nani huenda Kisiba kumuuliza Esnath, wakati kicheko kipo karibu?

Kufika Jumatatu maneno yalikuwa yamegeuka. Hayakuwa tena mzaha wa Lazaro. Yalikuwa kwamba Mwasomola amemtolea Mungu sola ya wati kumi na mbili, kwamba hata yeye mwenyewe amekiri kwa maandishi kuwa sola zake ni dhaifu. Wenye maduka hawakuhitaji tangazo lingine. Mteja akiulizia sola ya Mwasomola, walimgeuzia lebo: soma mwenyewe, mwenye mali amesema. Kisha wanamwonyesha ya kwao, mia na hamsini, bei nusu. Mtu anayesema kweli aliadhibiwa kwa kweli yake, na waongo walitumia maandishi yake kumshitaki. Jambo hilo linanichoma hadi leo, na sioni sababu ya kuwa mpole ninapolisimulia.

Nilimwomba aondoe namba ya pili. Alikataa, bila hasira. Aliendelea kutengeneza chache, kwa waliokwisha kuona nyumba ya jirani ikiwaka. Moyo ulipoanza kumsumbua alimwelekeza Agness jinsi ya kupima kwenye ukungu, na baadaye akafariki.

Tulikuwa hatujamaliza kushona nguo za kuondoa msiba alipokuja shemeji yangu Lutufyo, mdogo wake marehemu, akiwa na mgeni. Mgeni aliitwa Prosper, mwenye duka la vifaa vya umeme Mbeya, kijana safi, viatu vya kung'aa. Nikawapikia chai. Wakati huo karakana ilikuwa inapumua kwa shida, mwanetu Ipyana yuko chuoni, na Lutufyo alilijua hilo, ndiyo maana alianza na maneno ya huruma. Prosper akasema hataki mashine zangu wala vioo. Anataka jina. Alikuwa amezunguka Kyimo, Kisiba na kwenye makambi ya chai, akagundua kwamba kule vijijini watu wenye sola zetu hawakubali nyingine.

Fikirini hilo. Mjini jina letu lilikuwa kichekesho, na hapo sebuleni kwangu mfanyabiashara mzima amefunga safari kuja kulinunua, kwa sababu alijua kicheko kile ni cha uongo.

Mpango wake ulikuwa kuleta sola za makontena kutoka Dar es Salaam na kuzibandika lebo: Mwasomola, Imetengenezwa Tukuyu. Nikamuuliza lebo itakuwa na namba ngapi.

"Moja tu, mama. Wati mia mbili."

"Na yenyewe inatoa ngapi?"

Akatabasamu kwa adabu. "Hiyo ni lugha ya soko, mama. Kila mtu anajua ukiona mia mbili, ni kama sabini hivi."

"Kama kila mtu anajua, kwa nini usiandike sabini?"

Lutufyo akamjibia. "Shemeji, usimhoji mgeni kama yuko darasani. Shule ulishastaafu."

Nikamwambia jina la kaka yake haliuzwi. Akaweka kikombe chini, na alichosema baada ya hapo majirani walikisikia, kwa hiyo sifichui kitu. Alisema Mwasomola ni jina la ukoo wao, mimi nimelikuta kwa ndoa, na mwanamke wa kuja hawezi kuwazuia wenye jina kulifanyia wanachotaka. Prosper alitazama viatu vyake. Nikajibu kwamba kama jina ni la ukoo, basi ukoo ukae.

Ukakaa Kyimo, nyumbani kwa marehemu baba mkwe. Nilijua ninachoweza kupoteza. Wakisema ndiyo, jina ambalo wanangu wanaitwa shuleni na kazini lingekuwa nyuma ya kila sola itakayozimika masika, na mtu wa kutukanwa sokoni angekuwa mimi, kwa kosa ambalo mume wangu alikataa kulifanya hata kukataa huko kulipomfilisi. Nilisema hivyo hivyo, nimesimama, bila kulia. Lutufyo akasema mapenzi ya marehemu hayalipi ada, na baadhi ya wazee wakainamisha vichwa kukubaliana naye. Sikuwalaumu. Walikuwa na wajukuu shuleni.

Aliyeingilia ni shangazi Alinanuswe, dada mkubwa wa baba mkwe, ambaye wakati wote alikuwa anamenya ndizi kama asiyesikiliza.

"Lutufyo, sola ya kaka yako iko juu ya nyumba yangu," alisema. "Hiyo ya mgeni wako utaiweka juu ya nyumba ya nani?"

Lutufyo akasema si kwamba ni ya kuweka nyumbani, ni ya kuuza.

"Basi kauze kwa jina la mama yako aliyekuzaa," shangazi akamwambia, "tuone kama atakubali."

Mama mkwe alikuwa amekaa pale pale kwenye mkeka. Hakuinua macho, alitikisa kichwa kukataa, na kikao kikawa kimekwisha.

Wanaoeneza kwamba karakana imefungwa, waje waione. Mimi na Agness tunatengeneza kwa oda. Sitawadanganya kwamba kuna utajiri mbele: za nje zinazidi kuwa rahisi, nguzo za umeme zinasogea kila mwaka, na kuna kampuni zinazokopesha taa kwa malipo ya simu, vijana wao wanapita na pikipiki hadi vitongojini. Huenda tukadumu, huenda tusidumu. Kila inayotoka pale ina namba mbili nyuma, na ya pili tumeipima wenyewe kwenye manyunyu.

Sasa wapo wanaonisimamisha njiani kuniuliza Lutufyo alikuwa amepokea nini kutoka kwa Prosper kabla ya kunijia, na kwa nini siku hizi haonekani Msasani. Yeye pia ni Mwasomola. Nimesema yaliyomhusu mume wangu. Hayo mengine msiniulize, kwa sababu sitayajibu.