Askari wa Darubini na Saluti Yake

Askari anayelinda darubini za Bwera hataki kelele. Feresita, fundi wa mitambo, alimweleza kwamba setilaiti ya juu sana huonekana kama nukta tu. Umbo lake hutokea pale mwanga wa darubini mbili unapounganishwa, na ardhi ikitikisika kidogo, picha inaharibika. Basi askari anafukuza mbuzi kwa kunong'ona, na wauza ndizi wanapita wakinyata kama wezi. Tatizo ni saluti. Jeshi alishaliacha, lakini miguu yake haina habari: kila Feresita akitokea, buti la kulia linashuka, pu! Feresita alimnunulia kandambili. Nazo zikalia, pa! Akarudia buti zake.

Jioni moja, mawingu ya Rwenzori yakinyemelea, picha ya setilaiti ikatulia kwenye kioo cha kompyuta kwa mara ya kwanza: kiwiliwili na mabawa mawili. Feresita akamwita kwa kidole. Askari akaingia taratibu, akaikodolea macho mpaka machozi yakamlengalenga.

"Afande, hii kitu iko ya nani?" akanong'ona.

"Ya serikali, mzee."

Feresita akaona goti la kulia linapanda.

"Mzee, hapana!"

Pu! Kwenye kioo, mali ya serikali ikatawanyika kama unga.