Kabati Nililolipiga Msasa

Harufu ya vanishi ya spiriti ikinifikia popote, wivu hunirudia kabla hata ya kumbukumbu yenyewe. Nawaambieni ukweli, nilikuwa mtoto mwenye wivu mwingi, na wivu wangu ulikuwa na jina: Furaha.

Baba alikuwa na karakana mtaa wa Doornfontein, Johannesburg, chumba kirefu chenye vumbi hadi kwenye taa. Alinunua samani kuukuu kutoka nyumba kubwa za Wazungu, viti na makabati yaliyovuka bahari enzi za Malkia Victoria na za mwanawe Edward, akazitengeneza na kuwauzia wakusanyaji wa vitu vya kale. Sisi tuliishi Bellevue, vyumba viwili, tukikalia viti vya plastiki. Mama alizoea kusema kwamba mumewe ana wake wadogo wa Kiingereza, tena wazee.

Nilipokuwa na miaka tisa, Furaha akaja kutoka Lubumbashi. Alikuwa dada yangu mkubwa wa tumbo moja. Wazazi walimwacha kwa bibi akiwa na mwaka mmoja, walipokuja Johannesburg kutafuta maisha. Alikuwa na jina la mama yake baba, kwa hiyo baba hakumwita Furaha. Alimwita "mama". Mimi aliniita Neema, kama mwalimu anavyoita majina darasani.

Furaha alikuwa bado hajapata shule, basi kutwa nzima alikuwa karakanani. Mimi nilikwenda Jumamosi tu, na Jumamosi hizo nilizichukia. Baba alichomoa droo, akamwonyesha meno yaliyounganisha mbao.

"Kuya uone, mama. Yakiwa sawasawa yote, ni mashine. Yakipishana, ni mkono wa mutu."

Nami nilitumwa spaza, kiduka cha mtaani, kununua mkate.

Jumamosi moja baba alitoka kwenda kutazama meza mtaa wa Kensington. Furaha alikuwa uani akisugua vishikio vya shaba. Ndani nilibaki na kabati la droo la mahogani, ambalo mteja angekuja kuliona mchana ule. Lilikuwa jeusi, limefifia. Nikawaza kwamba nikiling'arisha, nami nitaitwa nione. Nikachukua msasa, nikasugua kwa nguvu zangu zote, hadi mbao ikatokea, waridi kama ufizi. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba weusi ule ndio uliokuwa thamani yake: zaidi ya miaka mia moja ya nta na viganja vya watu, ambayo fundi hawezi kuirudisha. Furaha alijua. Aliingia, akaona, akashika mdomo.

Baba aliporudi, aliweka mkono juu ya kabati na kuuacha hapo.

"Ni nani alifanya ivi?"

Nikamnyooshea Furaha kidole. Furaha akanitazama, kisha akatazama chini.

"Ni miye, baba. Unisamehe."

Baba akakaa sakafuni. Mteja alikuja, akapapasa mbao, akatikisa kichwa na kwenda zake. Nilingoja Furaha achapwe, na sitaficha, nilingoja kwa hamu. Baba alimvuta tu kifuani.

"Itapita, mama."

Hata kosa langu mwenyewe lilimpatia yeye huruma ya baba! Njia nzima hadi Bellevue nililia kwa hasira, na mama akadhani nina njaa.

Miaka mingi baadaye, baba akiwa ameshazikwa, nilimuuliza Furaha kwa nini aliubeba uongo wangu. Alikuwa akikunja nguo, akaendelea kukunja.

"Weye ulikuwa na baba miaka tisa," alisema. "Miye nilikuwa naye miezi tatu. Niliwaza, nikisema ni weye, atachagua wa kuamini. Atakuamini weye, na miye atanirudisha Lubumbashi."

Nilikuwa nimeamini siku zote kwamba nyumbani kwetu mwenye wivu alikuwa mmoja. Kumbe tulikuwa wawili, na mwenye sababu alikuwa yeye.