Hasila Hasala

Nilipofundisha chekechea Kitale, miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili, niliishi peke yangu katika chumba cha kupanga. Binti yangu alikuwa Bungoma kwa mama yangu. Mchana nilizungukwa na watoto wa watu. Jioni sikuwa na hata wa kumwambia ugali umeungua.

Darasani kulikuwa na msichana mmoja mwenye hasira za karibu. Ukimgusa tu, anauma. Mwalimu mkuu akaniambia, "Huyu akiumiza mtoto mwingine, arudi kwao." Kwao ni kwa shangazi aliyeshinda shambani, angefungiwa nyumbani kutwa nzima.

Nikaona heri nimfundishe kwa mchezo. Tukacheza kati: wawili wanarusha mpira wa makaratasi, wa katikati wanakwepa, anayepigwa anatoka. Siku ya kwanza mpira ulimpata mgongoni. Akaokota jiwe. Nami kwa hofu nikataka kumkumbusha kwamba hasira ni hasara. Lakini mimi ni mtu wa Bungoma. Nikishtuka, r na l hubadilishana viti.

"Wewe! Hasila hasala!"

Uwanja mzima ukavunjika mbavu. "Ati hasila! Ticha, sema tena!" Nilichukia, sikatai. Nilikuwa karibu kuwarudisha wote darasani nilipomwona yule msichana ameinama kwa kicheko, jiwe liko chini.

Basi nikameza kiburi, nikatunga sheria: anayepigwa na mpira asimame, avute pumzi, aseme kama ticha, "Hasila hasala," ndipo atoke. Jaribu kuyasema hayo ukiwa umekunja uso! Wiki zikapita bila alama ya meno kwenye mkono wa mtu. Msichana akabaki shuleni.

Mwisho wa mwezi nikaenda Bungoma na mkate, na mpira nilioufunga mwenyewe kwa kamba ya katani. Binti yangu hakunisalimu. Aliupiga mpira teke ukaingia migombani, akajificha nyuma ya nyanyake. Nikachuchumaa, nikatabasamu kama mtu mwenye dawa mfukoni.

"Njoo tucheze, mama. Mpira ukikupiga ukakasirika, unasimama, unavuta pumzi, unasema, hasila hasala!"

Nikangoja acheke. Alinitazama, akauliza:

"Si ndivyo husemwa?"

Mama yangu naye aliendelea kuchambua mboga. Hakusikia cha kuchekesha. Kwetu kila mtu husema hivyo. Dawa yangu ilikuwa ulimi wangu, na pale ulimi huo ulikuwa wa kila mtu. Niliona aibu, nikaona uchungu pia.

Nikaenda kuutafuta mpira. Nilipogeuka, binti yangu alikuwa amenifuata hadi kwenye migomba, mikono nyuma.

"Unaludi Kitale leo?"

"Kesho asubuhi."

Nikamrushia mpira polepole. Hakukwepa, wala hakudaka. Ulimpiga kifuani ukaanguka. Akasimama, akavuta pumzi.

"Hasila hasala," akasema bila kucheka, akaingia ndani.