Futi Thelathini Kutoka Katikati ya Lami

Wembe ulipita kwenye glavu kana kwamba glavu ni karatasi, na Orrin Pavlik hakusikia maumivu mwanzoni. Alisikia joto tu. Alipotazama chini aliona kibao cha kampeni alichokuwa anaking'oa kimeanza kulowa, na jina la Connie Baumgart, lililoandikwa kwa rangi ya kijani, limechirizikiwa na damu. Chini ukingoni mtu alikuwa amebandika nyembe sita kwa gundi, moja baada ya nyingine, kwa utulivu wa fundi anayepanga vigae.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limetoka, watu wanafagia majani makavu uani kwao. Kitu cha kwanza kilichomjia Orrin hakikuwa hasira. Ilikuwa hofu, na wala si hofu ya damu. Alijiuliza atamwambia nini Wendell.

Waliosoma na Orrin watakwambia aliumbwa na woga. Hakuogopa giza wala mbwa; aliogopa watu wenye sauti nzito. Alifanya kazi miaka kumi na tisa katika kiwanda cha vioo bila kuomba nyongeza hata siku moja, na kiwanda kilipofungwa alikuwa wa mwisho kuamini. Ndipo kata ya Harlan Fork ikampa kazi ya barabara: kuziba mashimo, kusukuma theluji, kufyeka majani, kuzoa paa waliogongwa na magari. Mshahara wenyewe haukuwa wa kujivunia, lakini kazi ilikuja na bima ya matibabu. Figo za mkewe, Lorna, zilikuwa zimekufa, na mara tatu kwa wiki alipelekwa kusafishwa damu kwa mashine. Huku kwetu Ohio bima ya mke inaning'inia kwenye kazi ya mume kama koti kwenye msumari. Ukiung'oa msumari, koti liko chini. Na mwenye nyundo huwa anajua.

Mwenye nyundo alikuwa Wendell Stroud. Kata inaongozwa na madiwani watatu, na kwa miaka kumi na sita Wendell ndiye aliyesimamia barabara. Mwaka huo alipata mpinzani kwa mara ya kwanza. Connie alikuwa mpishi mstaafu wa shule, naye aliuliza hadharani kwa nini njia inayopita kwa Wendell hutiwa lami mpya wakati ya makaburini ina mashimo ya kuzamisha ndama.

Wiki iliyofuata Wendell alikuja gereji, akaegemea greda, akamkumbusha Orrin sheria: hakuna kibao ndani ya hifadhi ya barabara, na hifadhi ni futi thelathini kutoka katikati ya lami. Sheria hiyo ipo tangu zamani na hakuna anayeijali, kwa sababu kila mtu hukata nyasi zake hadi lami inapoanza, na mtu aliyekata nyasi mahali kwa miaka arobaini huwezi kumwambia kuwa pale si pake. Wendell akaagiza barabara zisafishwe. Kisha, akiwa anaangalia pembeni, akaongeza kuwa vibao vyake vya bluu Orrin asihangaike navyo, alivipima mwenyewe.

Orrin akaitikia. Kwa wiki tatu aling'oa vibao vya kijani, na vilipofika arobaini na kimoja ukutani mwa gereji, cha bluu hakikuwepo hata kimoja. Jioni alijiambia sheria ni sheria, na vyote alivyong'oa kweli vilikuwa ndani ya mstari. Hilo ndilo lililomnyima raha. Hapakuwa na uongo katika kibao chochote, ila rundo zima lilikuwa uongo.

Sasa mkono unavuja, na mlango wa nyumba iliyo nyuma ya kibao unafunguka, na anayetoka ni Merle Kirchner, jitu la ndevu ambalo shuleni lilikuwa likimfungia Orrin kabatini. Orrin alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa pikapu.

"Usikimbie, we Orrin," Merle alisema. Alikuwa na taulo la jikoni. "Kaa chini kabla hujaanguka."

Akamfunga mkono. Alieleza kwamba ameibiwa vibao vinne, akaamini ni vijana wa Wendell.

"Jana nimekaa mezani nikibandika hizo nyembe huku nasikiliza mpira, kama mtu anayetengeneza chambo cha samaki," alisema. "Ningemkata mtoto wa mtu. Kumbe ni wewe."

"Ni sheria, Merle. Futi thelathini."

"Majani haya nayakata mimi. Baba yangu amekufa akiyakata."

"Najua."

"Haya, pima."

Orrin alivuta tepu kwa mkono mmoja. Ishirini na nne. Merle aliitazama tepu kama mtu aliyepewa majibu ya hospitali ya mtu mwingine. Halafu akaonyesha kwa kidevu ng'ambo ya barabara, ambako kibao cha bluu cha Wendell kilisimama kwenye nyasi.

"Na kile?"

Orrin akaanza kukunja tepu.

"Nakuuliza kwa upole, kaka. Kile nacho ni futi ngapi?"

Alikuwa na sababu ya kuondoka; damu ilishapenya taulo. Akilini alimwona Lorna kwenye kile kiti chake, mirija mkononi, blanketi magotini, anajaza fumbo la maneno. Akamwona Wendell kaegemea greda. Hata hivyo akajikuta anavuka barabara, kwa sababu Merle alikuwa anamtazama na alishindwa kubuni uongo.

Futi kumi na tisa.

Merle hakucheka wala hakumzomea. Alisema atazibandua nyembe, kisha ataenda mwenyewe kwa sherifu kueleza alichofanya. "Mimi yangu nitayasema," akamaliza. "Yako je?"

Orrin akaking'oa kibao cha bluu. Nacho kikapata damu yake.

Alishonwa nyuzi saba. Jioni, akikausha vyombo kwa mkono mzima, alimsimulia Lorna yote, pamoja na agizo la gereji ambalo alikuwa amemficha. Lorna alikuwa na swali moja.

"Umepima vizuri?"

"Mara mbili."

"Basi kesho kamalizie. Ila usiniambie hutetemeki. Nazisikia sahani."

Kesho yake alizunguka kata nzima, akapima kila kibao, mwenye kibao awe nani. Kufikia saa nane alikuwa na vya bluu thelathini na sita nyuma ya pikapu. Kilichobaki kilikuwa nyumbani kwa Wendell.

Wendell alitoka na kikombe cha kahawa. Alimpa pole ya mkono. Akasema kile alikipima mwenyewe.

"Ishirini na sita, Bwana Stroud."

Wendell akanywa kidogo. "Lorna anaendeleaje siku hizi?" Aliuliza kwa sauti ileile anayosalimia nayo watu mlangoni mwa kanisa.

Orrin aliinamia kibao. "Anaendelea."

"Mashine ile ni ghali sana, eh? Bila bima, sijui watu wangefanyaje."

Miguu ya waya ya kibao ilikuwa imezama sana. Orrin alivuta kwa mkono wa kushoto, ikagoma. Akavuta tena, Wendell amesimama hatua mbili kutoka pale, anapuliza kahawa yake. Kikatoka na bonge la udongo. Orrin alilikung'uta, akalirudisha kwenye shimo, akalikanyaga taratibu, maana hata katika hofu ile alishindwa kuacha shimo kwenye nyasi za mtu.

Jumatatu ukumbi wa kata ulijaa kuliko kawaida. Waliiapia bendera kama ilivyo desturi, wakasoma kumbukumbu, kisha Wendell akatoa hoja kwamba Orrin Pavlik aachishwe kazi kwa kutumia vibaya mamlaka wakati wa kampeni. Alilisema hilo bila kupepesa.

Kwa taratibu zetu hoja ya diwani mmoja haipigiwi kura mpaka diwani mwingine aiunge mkono. Mwenyekiti, diwani mwenzake, mama anayeuza mbegu njia panda, aliuliza kama kuna anayeunga. Yeye mwenyewe alitazama karatasi zake. Alibaki diwani wa tatu, mkulima mzee aliyekaa kiti cha pembeni mwa Wendell miaka yote kumi na sita na hajawahi kumpinga.

Orrin alikuwa kiti cha nyuma. Lorna alikuwa kando yake, plasta ya mashine ya asubuhi bado mkononi. Mashine ya kahawa ilikuwa inachemka peke yake. Mkulima akajongea mbele, akavuta maikrofoni, akasafisha koo. Orrin akafumba macho. Vidole vya Lorna vikaingia kwenye mkono wake wenye nyuzi, vikabana, ikauma, naye hakuutoa.

"Samahani," mzee alisema. "Kikohozi."

Akarudi nyuma kwenye kiti, akakunja mikono.

Mwenyekiti alisubiri. Akamtazama Wendell, akaitazama saa, akagonga nyundo yake ndogo ya mbao. Hoja imekosa wa kuiunga, imekufa. Jambo linalofuata ni maandalizi ya theluji.

Hakuna aliyepiga makofi. Uchaguzi ulikuwa siku nane mbele, na kila mmoja ukumbini alijua Wendell anaweza kushinda.

"Orrin," mwenyekiti akaita, "chumvi ya barabarani tunayo tani ngapi?"

Ilibidi asimame. Akashika kiti cha mbele yake. Watu wote waligeuka, Merle mmojawao, na mbele kabisa Wendell alikuwa ameshika kalamu, anasubiri.

"Tani arobaini," Orrin akasema.

Wendell akaandika, bila kuinua kichwa.