Kandambili Kwenye Mkondo

Ofisini walimwita Fundi Maji, ingawa bomba hakuwahi kulishika: kazi yake ilikuwa kutengeneza maji ya filamu za katuni kwenye kompyuta. Kila asubuhi aliweka glasi ya maji mezani, akaitia tone la maziwa, akakoroga kwa kijiko, kisha akainama kulitazama likizunguka mpaka lipotee. Hayo maji wala hakuyanywa. Dada wa meza ya pili, mchoraji wa miti, alishauzoea mlio wa kile kijiko. Wiki hiyo walikuwa na onyesho la mto uliofurika, na kandambili ya mtoto iliyotakiwa izungushwe na mkondo, kisha izame. Fundi Maji alirudia mara nne. Mara zote kandambili ilizama, halafu ikaibuka na kusukumwa taratibu hadi ukingoni.

"Bosi atatutoa roho, kaka," dada akamwambia huku akicheka. "Mto gani unarudisha vitu hivyo?"

Fundi Maji alikuwa akifuta kijiko kwa pindo la shati, kama kawaida yake.

"Najua haurudishi," alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Mwanangu nilimsubiri ukingoni siku tatu."

Dada akageukia miti yake. Nyuma yake kijiko kikaanza tena kugonga glasi.