Siku Niliyozima Kisawazishi cha Droni Mbele ya Wakwe

Naona aibu kuwasimulia, lakini hasira ni kubwa kuliko aibu, na video yenyewe mmeshaiona wote, kwa hiyo bora mnisikie mimi.

Chuoni nasomea jinsi rubani anavyoituliza ndege upepo ukiwa mbaya: jicho linaona, akili inaamua, mkono unasogeza, na hapo katikati kuna kuchelewa kidogo, na muda huo wa kuchelewa ndio ninaoupigia hesabu kwenye kompyuta (mama anawaambia watu narusha ndege, nimechoka kumsahihisha). Sasa siku ya kupokea mahari ya dada yangu Neema, nyumbani Getanuwas, nikawa napiga picha za juu kwa droni, imetulia kabisa, mpaka binamu yangu Paulo akaropoka mbele ya wakwe, "Hiyo inajirusha yenyewe, huyu anashika rimoti tu!" Watu wakacheka. Nikachemka. Nikazima ule mtambo unaoisawazisha.

Upepo ukaisukuma kushoto, nikaivuta kulia, ikapitiliza, nikairudisha kushoto, ikapitiliza zaidi, kila nikirekebisha nimeshachelewa, yaani anayeiyumbisha sasa ni mimi, siyo upepo, na dawa yake naijua, nimeiandika mwenyewe: legeza mkono. Nani alegeze, na Paulo anapiga kelele "Rubani! Rubani!" huku anarekodi hiyo video mliyoiona?

Ikashuka ikilia katikati ya ng'ombe wa mahari. Wakakurupuka, wakapita kwenye turubai la wageni, likamwangukia baba wa bwana harusi na sahani yake ya nyama. Tukamchomoa, mchuzi kifuani. Nikapiga magoti. "Shikamoo baba, nisamehe." Hakuitikia. Kwetu mtu mzima asipoitikia shikamoo, ujue umekwisha. Akamgeukia baba yangu tu, "Ng'ombe wakipatikana ndipo tutaongea."

Wanaume wakashinda porini wakiwasaka. Neema, na gauni lake jipya, akaniuliza taratibu, "Ulikuwa unamwonyesha nani?" Jioni ng'ombe wakapatikana, mahari ikapokelewa, na yule mzee akanipita kama anapita nguzo.

Paulo nitamnunia mpaka achoke, lakini kidole kilichobonyeza ni changu, na hilo ndilo linalonichoma zaidi. Sirushi tena kitu chochote nikiwa na hasira. Na kwa kuwa bado ninazo, harusi yenyewe tafuteni mpiga picha mwingine.